Kiwiliwili

Kililetwa kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Tatu,
ndani ya mfuko wa unga wa ngano,
na Semkiwa wa forodhani, mwaka ule mvua ilipokata reli.
Ukikitazama utasema laptopu:
kioo kipo, vitufe vipo, bawaba hazilii.
Ukikiwasha, kimya.
Mgongoni kimechomoza vijino viwili
mithili ya mtoto anayeanza kuuma titi,
na hapo, akaniambia, ndipo simu ilipokuwa ikikaa.
Simu ndiyo iliyokuwa ubongo. Hiki kilikuwa kiwiliwili.
Simu yenyewe ilimponyoka gatini;
labda sasa inawapigia pweza.

"Nitafutie nyingine ya aina ile."
Nikatafuta. Waliounda walikwisha kuisahau,
kama shangazi anavyosahau deni.
Akaacha elfu tano ya ukaguzi, hakurudi.
Waja leo, waondoka leo,
na vitu vyao hutuachia sisi.

Miaka minne kikakaa chini ya meza
kikibeba redio za watu.

Mpaka Mwanakombo wa Pongwe aliponijia na kesi ya maziwa.
Tangi lao la kupozea, lita mia sita.
Umeme hukatika usiku, mlinzi amelala,
asubuhi wafugaji hulipwa au hawalipwi
kwa pua ya mtu mmoja.
"Nataka kitu cha kuniambia nyuzijoto," akasema,
"lakini kisife pamoja na umeme."

Nilikuwa na kibao cha kompyuta, upana wa kadi ya benki.
Hakina kioo, hakina vitufe, hakina betri:
ubongo mtupu, hauna pa kulaza ubavu.
Nikainama chini ya meza.
Nikashusha redio.

Nyaya usiniulize nilizipata wapi.
Moja niliikata, nikaimenya kama muhogo,
nikalehemu unywele kwa unywele
mpaka moshi ukaingia kwenye kanga.
Picha ina njia yake, umeme una njia yake.
Nikachomeka ya picha: giza.
Nikaichomoa, nikachomeka ya umeme: giza.
Usiku wa tatu, kwa kuchoka tu, wala si kwa akili,
nikazichomeka zote mbili kwa pamoja.

Kioo kikafumbua jicho.

Kumbe hakikuwa maiti.
Kilifundwa kisimwamini mgeni
mpaka ampe mikono yote miwili.

Tukakipandisha rafu ya juu, Pongwe,
tukakifunika nailoni kwa ajili ya mvuke.
Tarakimu niliziandika kubwa, kubwa mno,
Kaniki mlinzi azisome kutoka getini
bila ile miwani anayosema haihitaji.
Nne. Nne. Nne nukta moja.
Umeme ulipokatika, Alhamisi, saa nane usiku,
taa zikafa, mashine ikanyamaza,
kiwiliwili kikaendelea kuhesabu gizani,
kwa betri yake ileile iliyokuwa ikiinywesha simu,
sasa inanyonyesha ubongo wa kuazima.
Nne na nusu. Tano.
Ilipofika sita king'ora kikalia,
Kaniki akaamka akamtukana mama yangu
ambaye hawajawahi kuonana,
akavuta kamba ya jenereta.
Maziwa hayakuchacha.

Semkiwa alikuja mwenyewe, kununua mtindi.
Alikijua kwa mkwaruzo wa pembeni.
"Hicho si changu?"
"Kilikuwa."
Akanyoosha kidole, akagusa herufi moja iliyofutika,
nadhani ile aliyoipiga sana zamani, enzi za barua za mizigo.
"Simu umeipata wapi?"
"Hakuna simu."
Akasimama pale kitambo, ananiangalia mimi, anaangalia ile nne.
Kisha akakohoa, mtoto wa mjini:
"Basi, na ile elfu tano yangu?"

Nikamwambia Mwanakombo ampe glasi mbili.
Akanywa tatu.
Ya tatu namdai bado.